Mdogo wangu kapata pointi 10 PCB, nesingi ya digrii ajaze chuo gani?

kaka_wa_kahama

Wakuu kwema? Naombeni mawazo maana hapa home kila mtu anaongea lake na dirisha la maombi lishafunguliwa. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), matokeo si yametoka, kapata Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D, BAM (hesabu za msingi) E, GS (General Studies) C. Imeandikwa division two ya pointi 10. Mzee anataka MD (udaktari) tu hataki kusikia kingine. Mwenyewe binti anataka unesi, na si kwamba kaona matokeo ndo akashuka, hapana, alishaanza kusema tokea form four alipolala wodini wiki tatu anamuuguza bibi.

Swali langu ni kwamba kwa hiyo pointi 10 digrii ya nesingi anapata wapi? Kuna jamaa wa steshenari anawajazia watu fomu, kaniambia Muhimbili wanaanzia pointi 6 kwa hiyo mwenye 10 kapita juu kabisa, ajaze Muhimbili peke yake asipoteze hela kwingine. Nikamuuliza mwalimu mmoja jirani yetu akasema 10 ni nyingi mno, yani mbaya, hapati hata UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Sasa 10 ni nyingi nzuri au nyingi mbaya?? Mimi ni fundi simu, shule niliishia form four, nielekezeni taratibu.

Tupo Kahama, Mwanza ni karibu. Dar kuna shangazi anakaa Kimara. Dodoma hatuna mtu. Hela ya kulipa chuo chote mfukoni haipo, tunategemea bodi ya mkopo.

upanga_mashariki

Mkuu wote wawili wamekupoteza na wala sio kwa ubaya, hili jambo linachanganya watu kila mwaka.

Kuna pointi za aina mbili. Za NECTA (baraza la mitihani), hizo za division, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo C C D ni 3+3+4 = 10. Hapo namba ikiwa ndogo ndo bora. Halafu kuna za TCU (tume ya vyuo vikuu) za kuingilia chuo, hizo zimegeuzwa, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mdogo wako huku ana 3+3+2 = 8. Namba ikiwa kubwa ndo bora. Jamaa wa steshenari kachukua 10 ya NECTA akailinganisha na 6 ya TCU, ni sawa na kulinganisha kilo na lita. BAM na GS haziingii kwenye hesabu hii, ni hizo tatu za tahasusi tu.

Kwa hiyo andika chini, ana 8 kati ya 15.

Sasa ile 6. Mara ya mwisho nimefungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Muhimbili (MUHAS) nesingi walikuwa wanataka isipungue 6, ila sio 6 yoyote, ni C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia. Yani mtu anaweza kuwa na A ya Baiolojia lakini Kemia D akawa nje, na mwenye pointi chache kuliko yeye akawa ndani. Mdogo wako C ya Kemia anayo, mshukuru Mungu. Pakua kitabu cha mwaka huu kwenye tovuti ya TCU usome mwenyewe, kiko bure, na uhakikishe umepakua cha wanaotoka form six maana wa diploma wana chao.

Ila hiyo 6 ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu mkuu, kiti ni habari nyingine. Kwenye hicho hicho kitabu kuna safu inaonyesha kila kozi inachukua watu wangapi, watu huwa hawaiangalii kabisa. Chuo kinapanga waombaji kuanzia wa juu kinashuka mpaka nafasi zinaisha, zikiishia kwa mwenye 9 basi mwenye 8 anabaki nje na sifa zake zote. Na nesingi ya Muhimbili ina tatizo moja, wale waliojaza MD chaguo la kwanza wakakosa, wengi wameweka nesingi chaguo la pili au la tatu. Hao wanashuka na pointi zao 9, 10, 11 wanakuja kukaa juu ya waliotaka nesingi toka moyoni. Kwa hiyo usije ukahesabu unashindana na wapenda unesi tu.

Pointi 8 Muhimbili ni kubahatisha, naweza sema hivyo. Ajaze, elfu 10 ya fomu haimuui mtu, lakini asijaze pale peke yake.

dokta_mtarajiwa

Aende MD bhana D D D inatosha kuingia MD mbona, mzee yuko sahihi

upanga_mashariki

@dokta_mtarajiwa inatosha kusimama kwenye foleni, nimeshaeleza hapo juu au hukusoma? Mwenye 8 kwenye foleni ya MD ya chuo cha serikali amesimama nyuma ya mlango. Atabakiwa na vyuo vya binafsi na kaka mtu kasema hela haipo.

sista_wa_night

Nimetoka shift saa hizi nikaikuta hii mada usingizi ukakata. Mimi ni afisa muuguzi mwaka wa tisa huu kazini, ngoja niseme kitu ambacho watu wa pointi hawakisemi.

Kaka wa Kahama, wewe na ndugu zako mnauliza chuo gani kina jina. Mimi nakuambia uliza hospitali gani iko nyuma ya hicho chuo na wanafunzi wangapi wanaingia kwenye wodi moja kwa wakati mmoja. Nesi hafundishwi darasani, darasani anafundishwa kujibu mtihani. Mimi chuo nilichosoma sikitaji, tulikuwa tunapelekwa wodini kundi zima tunamzunguka mgonjwa mmoja kama tunaangalia ajali, wa mbele anaona wa nyuma anaandika. Nimefika mwaka wa tatu sijawahi kuweka kateta (mpira wa mkojo) hata moja kwa mkono wangu, logibuku (daftari la mazoezi ya wodini) imejaa saini. Nimekuja kujifunza intanship kwa sista mmoja mkali kweli, alinisimamisha saa nane usiku akaniambia leo wewe ndo utaweka, mimi naangalia. Nilitetemeka mgonjwa mwenyewe akanionea huruma.

Sasa uje kwenye vyuo vyenyewe. Muhimbili uzuri wake ni kwamba eneo moja una Hospitali ya Taifa, una MOI ya mifupa na una JKCI ya moyo, anatoka wodi hii anaingia ile kwa miguu, kesi ambazo wengine wanazisoma kwenye vitabu yeye anazigusa. Ubaya ni ubaya wa hospitali yoyote kubwa ya kufundishia, mbele ya nesi mwanafunzi kuna intan (daktari aliye mafunzoni kazini), kuna daktari anayesomea ubingwa, kuna wanafunzi wa MD, kwa hiyo kanula (sindano ya dripu) ya kuweka inagombewa. Mwanafunzi mpole mpole anamaliza miaka 4 anaangalia tu. Bugando kule Mwanza (CUHAS) hospitali ni ya kanda, vitanda 900 na ushee, kanda ya ziwa yote inamiminikia pale, wagonjwa hawaishi, na kwenu ni karibu. KCMC Moshi nao ni hospitali ya kanda toka 1971, wenyewe ni wa siku nyingi kwenye kufundisha. UDOM nacho ni chuo cha serikali, ada nafuu, wana Benjamin Mkapa hapo hapo jirani na chuo na hospitali ya rufaa ya mkoa mjini. Kairuki Mikocheni ni ya binafsi kabisa.

Angalizo, CUHAS na KCMC ni vya kanisa, ada yao sio ya serikali.

Na jingine, mdogo wako ni muongeaji au mpole? Nauliza kweli, maana kama ni mpole mimi ningempeleka penye wanafunzi wachache.

kaka_wa_kahama

Sista asante sana, umeniandikia kama dada yangu. Ni mpole ila akikasirika sasa.. haha. Bibi alipolazwa alikuwa anagombana na manesi kwamba dripu imeisha hamjabadilisha, mpaka wakamzoea wakawa wanamtuma.

@upanga_mashariki nimemuonyesha jamaa wa steshenari hesabu yako, amekasirika kidogo lakini amenyamaza. Kwa hiyo 8. Mzee bado ni mgumu, anasema nesi atakuwa anatumwa na madaktari maisha yake yote.

sista_wa_night

Mwambie mzee siku akilazwa, daktari atamuona dakika 5 asubuhi kwenye raundi. Masaa mengine yote yaliyobaki atakuwa na nani?

Na sio kweli kwamba nesi wa digrii anasubiri kutumwa, akimaliza anaajiriwa kama Afisa Muuguzi, wa diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa cheti ni Muuguzi. Inchaji wa wodi, matroni, mwalimu wa chuo, mtu wa ICU, yote hiyo iko mbele yake, na masters zipo.

mpemba_wa_rangi_tatu

mimi naona mnasahau kitu hapa jamani. Kuna njia ya diploma. Mimi nilikuwa na pointi mbovu kuliko huyo binti, Kemia nilipata E, nikaenda diploma ya uuguzi miaka mitatu, nikapata leseni, nikafanya kazi kidogo nikarudi digrii kwa GPA, wanataka 3.0 kwenda juu na ufaulu wa o-level pia wanaangalia. darasani niliowakuta wametoka form six moja kwa moja walikuwa wananiita mjomba, lakini siku ya wodini walikuwa wanashika koti langu 😂 nachosema ni kwamba digrii akiikosa mwaka huu sio msiba, asikae nyumbani mwaka mzima anasubiri

upanga_mashariki

Hiyo ni kweli ila huyu ana 8, haikosi digrii kabisa kabisa huyu, labda ajaze vibaya. Diploma iwe akiba ya mwisho kabisa.

wanjiru_wa_thika

Jirani zenu kutoka Kenya hapa. Hii yenu ya kukisia ni ngumu sana aki. Kwetu KUCCPS (wanaogawa nafasi za vyuo) ukiingia kwenye portal yao unaona kila chuo na alama za klasta (za masomo ya kozi hiyo) za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita, alama kamili za klasta ni 48, so unajua mapema nikiwa na hizi zangu chuo fulani niko karibu na fulani nisijisumbue. Ingawa hata hivyo watu huumia, sababu mwaka jana sio mwaka huu, wote wakiona chuo kimeshuka wanakimbilia hapo na kinapanda. Binamu yangu alifanya hivyo akakosa kwa pointi kidogo sana, akaenda KMTC (chuo cha afya cha serikali) diploma na sasa ako sawa tu.

Kuna rafiki yangu ako India pia, huko kwa zile AIIMS (vyuo vya udaktari vya serikali) unafanya mtihani wa kuingia wa nesingi pekee yake, unapewa namba yako kitaifa, wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu mnaitwa kuchagua viti kwa hiyo foleni. Mwenye namba ndogo anachagua Delhi, wa chini anachagua kilichobaki. Alisema watu hukubali kampasi ya mbali na nyumbani juu ya jina tu. So swali lenu mnalouliza hapa, jina ama wodi, hata wao ndio wanauliza.

upanga_mashariki

@wanjiru_wa_thika asante, hapo ndo penye tatizo letu, kitabu kinakuambia pointi za chini za kuombea, hakikuambii wa mwisho aliyeingia mwaka jana alikuwa na ngapi. Zamani TCU walikuwa wanagawa wenyewe kwa mfumo mmoja, kuanzia 2017 unaomba chuo chenyewe moja kwa moja, kila chuo na mfumo wake na akaunti yake na elfu 10 yake.

Kaka, mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Muhimbili ajaze, nesingi chaguo la kwanza, pale pale waangalie na ukunga maana kuna digrii ya ukunga inayojitegemea na watu wengi hawaijui. UDOM ajaze, hapo naona ndipo kimo chake kwa upande wa serikali. Bugando ajaze. Hiyo ni elfu 30. Na asiweke MD juu kumfurahisha mzee halafu nesingi chini. Akikubali kuweka MD popote aweke akijua akiitwa ataenda kweli.

kaka_wa_kahama

Na mkopo je? Unaombwa chuoni?

mpemba_wa_rangi_tatu

Hapana bodi ni kwingine kabisa, HESLB wana mfumo wao mtandaoni na dirisha lao, hapo ndo watu wanalia. Unaomba hata kabla hujajua chuo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa vizazi na vifo (Zanzibar ni ZCSRA), hiyo uhakiki inachukua siku zake usisubiri mwisho. Picha, taarifa za mdhamini, kwa mwenyekiti wa mtaa kuna muhuri, halafu soma kila ukurasa kuna sehemu za kusaini mwombaji na mdhamini, ukiacha moja umeandika barua ya mapenzi. Kozi za afya huwa wanazipa kipaumbele lakini asilimia mtu anayopewa inategemea uwezo wa familia walivyouona wao. Hela ya kula na kulala, bumu, ni elfu 10 kwa siku toka 2022/23, zamani 8,500. kwenye chuo cha kanisa au binafsi bodi inaweza isifunike ada yote, hapo juu unajazia mwenyewe, hesabuni mapema

sista_wa_night

Na Kimara isiwadanganye. Kukaa kwa shangazi sio bure, na nesi mwanafunzi anaingia wodini saa moja na nusu asubuhi, wakati mwingine ana shift ya usiku. Basi la mwendokasi asubuhi toka Kimara mpaka kituo cha Faya kisha atembee mpaka Muhimbili, afu awe amevaa yunifomu nyeupe imepigwa pasi.. mwaka wa kwanza ana anatomia, fiziolojia na baiokemia zinamsubiri, hapo ndo wenzake wanakula sapu (kurudia mtihani) na wengine wanadisko (kuondolewa chuo). Akipata hosteli achukue hosteli.

kaka_wa_kahama

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, ni wiki kadhaa sasa. Tulijaza vitatu kama mlivyosema. Muhimbili kakosa. Kapata UDOM na kapata Bugando zote nesingi!! Mama alipiga vigelegele jirani wakadhani kuna harusi. Mzee hakusema kitu siku mbili, juzi nikamsikia anamwambia mtu kwenye simu "binti yangu anaenda kusomea mambo ya hospitali", haki ya Mungu mambo ya hospitali, neno nesi bado halijamtoka mdomoni lakini tunaenda nalo hivyo hivyo.

Sasa imekuja meseji anatakiwa kuthibitisha, hapo ndo tumekwama. Yeye anataka Bugando, mimi naogopa ada.

upanga_mashariki

Hongereni sana. Aliyepata vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri (code), anaingiza kwenye akaunti ya chuo anachokitaka kabla ya tarehe kuisha. Akikaa kimya nafasi zote mbili zinaweza kumponyoka, nimeona watu. Msimpe mtu wa steshenari hiyo namba! Akaunti afungue mwenyewe kwa simu, wewe fundi simu bwana.

Ada chukueni barua ya udahili ya kila chuo muweke mezani zote mbili, muangalie jumla ya miaka 4 sio ya mwaka mmoja, na michango midogo midogo iliyoko chini ya karatasi. Mkopo ukitoka pungufu mtajua mnajazia ngapi. Kama hiyo tofauti hamuiwezi hata kwa kuuza mpunga, basi UDOM na asinune, Benjamin Mkapa pale ni hospitali ya maana.

sista_wa_night

Hongera mdogo wangu huko uliko najua unasoma hapa. Mimi Bugando ningeichagua ila mimi silipi ada yako.

Kaka, chochote mtakachochagua mnunulie saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, sio ya dijitali. Atahitaji kuhesabu mapigo na pumzi za mgonjwa na simu wodini inchaji hataki kuiona. Na viatu vyeusi vya chini vilivyofungwa mbele, anunue jioni mguu ukiwa umevimba, asubuhi vitambana.

kaka_wa_kahama

Saa nimeshapata hapa hapa dukani kwangu, mteja aliiacha mwaka juzi hajaifuata, nimeweka betri inatembea. Tumekaa na mzee jana usiku tukapiga hesabu kwa kalkuleta ya simu mpaka saa sita. Tumeamua UDOM. Binti amelia kidogo halafu akauliza Dodoma kuna baridi.